Taya linalouma na sindano zake: mwongozo kwa mgonjwa wa Moshi na Arusha

Nilijigundua wakati wa kusahihisha mitihani ya mock. Ilikuwa saa nne usiku, nyumbani hapa Moshi, karatasi za Baiolojia za kidato cha nne zimejaa mezani, kalamu nyekundu mkononi. Nikataka kunywa chai, mdomo ukagoma kufunguka. Ulipita ukingo wa kikombe tu, halafu mbele ya sikio la kulia kitu kikalia "tak!" kama kijiti kinachovunjika. Ndipo nilipoelewa kwamba tangu magharibi nilikuwa nimekaza meno kama mtu aliyejitwisha gunia la mahindi.

Kabla ya usiku ule nilikuwa nimeshang'olewa gego. Upande wa kulia ulikuwa ukiniuma kwa miezi, nikaenda kliniki moja ya meno, nikasema jino linauma, wakang'oa lile nililolionyesha kwa kidole. Hawakupiga picha, hawakunigusa shavu. Gego lilitoka zima, jeupe, mizizi yote salama, na maumivu yakabaki palepale. Naandika haya ili usipoteze jino kwa ugonjwa ambao si wa jino. Naandika pia kwa sababu siku hizi watu wananiuliza moja kwa moja: "Mwalimu, nasikia kuna sindano ya taya, naipata wapi?" Sindano ipo, na mimi mwenyewe nimechomwa ile inayojulikana kama Botox. Ila ina mahali pake, na mahali pake ni mwishoni mwa safari. Anayeanza nayo hulipa fedha nyingi kwa nafuu ya miezi michache, na chanzo kinabaki.

Mimi ni mwalimu, si daktari. Yakusaidie kuuliza maswali sahihi ukiwa mbele ya daktari, yasichukue nafasi ya kupimwa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni taya kweli

Maumivu ya taya yanafanana na magonjwa mengine ambayo hayasubiri. Yakija pamoja na kubanwa kifua, jasho la baridi, pumzi fupi au mkono wa kushoto kuuma, huo unaweza kuwa moyo. Nenda kitengo cha dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ukiwa umevuka miaka 50, ukapata maumivu mapya ya kichwa pembeni mwa paji la uso, taya likachoka ukitafuna na kupoa ukipumzika, au macho yakaanza kuona giza, muone daktari siku hiyohiyo, maana mishipa ya damu ya kichwa ikivimba inaweza kupofusha mtu. Taya linalokaza siku chache baada ya kuchomwa na msumari au kuumia shambani linaweza kuwa dalili ya pepopunda. Homa na uvimbe wa shavu vinaweza kuwa jipu la jino. Kinywa kilichobaki wazi baada ya kupiga miayo kisifunge tena, hapo taya limeteguka na linatakiwa kurudishwa na daktari, si na jirani mwenye mikono yenye nguvu. Na uvimbe usiopungua, ganzi ya mdomo au kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2 au 3 visikae nyumbani kwa maombi na vidonge peke yake.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, endelea.

Hatua ya 2: Jua kama ni msuli au kiungo

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na hapa ndipo sindano ya mtu mmoja inakuwa hasara kwa mwingine. Kiungo cha taya kiko mbele kabisa ya tundu la sikio. Ndani yake kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza unapofungua na kufunga mdomo. Misuli ni kitu kingine: mmoja mkubwa uko shavuni, kwenye kona ya taya, mwingine umetandaza pembeni mwa kichwa juu ya sikio, na mingine iko ndani zaidi.

Simama mbele ya kioo. Weka vidole mashavuni karibu na kona ya taya, kaza meno, kisha legeza. Utasikia msuli ukiinuka kama ngumi ndogo. Ubonyeze taratibu. Kama maumivu unayoyajua ndiyo hayo yanayojitokeza, msuli unahusika. Sasa hamisha ncha za vidole hadi mbele ya masikio, fungua na funga mdomo polepole. Mlio, kukwaruza, au maumivu palepale chini ya kidole vinaelekeza kwenye kiungo. Tazama pia kama kidevu kinakwenda upande mmoja unapofungua.

Kisha pima upana. Panga vidole vitatu vya mkono wako, cha shahada, cha kati na cha pete, kimoja juu ya kingine, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye taya zima kwa kawaida anaviingiza, kama milimita 40 hivi. Mimi usiku ule viliingia viwili, tena kwa taabu.

Mlio peke yake, bila maumivu na bila mdomo kukwama, hauhitaji matibabu yoyote. Nimeona watu wakihangaika na mlio ambao wangeishi nao hadi uzeeni bila shida.

Jambo moja la kwetu huku: meno ya kahawia au yenye madoa si ushahidi kwamba unasaga meno usiku. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na miteremko ya Meru yana floridi nyingi, na watoto waliokulia huko hutoka na meno ya rangi hiyo. Dalili za kusaga ni nyingine: ncha za meno zilizolika na kuwa bapa, vipande vidogo vinavyovunjika, kichwa kuuma pembeni unapoamka, na mwenzi wako wa chumba kukwambia kwamba usiku unatoa sauti kama ya jiwe la kusagia.

Hatua ya 3: Wiki 6 za nyumbani, bila kuruka

Najua hatua hii inaonekana ndogo kuliko sindano. Ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi. Desemba 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa kimataifa kuhusu maumivu sugu ya taya. Yaliyopendekezwa kwa nguvu ni mazoezi ya taya na ya mkao yanayosimamiwa na mtaalamu, kunyooshwa na kukandwa taya kwa mikono, na ushauri wa kisaikolojia wa kubadili fikra na tabia. Sindano ya botulinumu (Botox), sindano ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kiungo na hata kuosha kiungo (zote nitazieleza Hatua ya 5) ziliwekwa upande wa mambo ambayo jopo halikupendekeza yafanywe kama kawaida, kwa sababu faida yake haijathibitika vya kutosha. Haina maana kwamba hazimsaidii mtu yeyote. Maana yake ni kwamba hazitangulii.

Anza na mapumziko ya meno. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine wote midomo ifumbe, meno yaachane, ncha ya ulimi ikae juu, nyuma kidogo ya meno ya mbele, pale ulimi unapogusa ukisema "na". Utasahau, kila mtu anasahau. Mimi nilichora nukta nyekundu kwenye jalada la simu, kwenye kona ya ubao wa darasani na kwenye mlango wa friji. Kila nikiiona nukta, naachanisha meno. Wiki ya kwanza nilijikuta nimekaza karibu kila nilipoitazama, na hilo lilinitisha kuliko maumivu yenyewe.

Zoezi: ulimi ukiwa palepale juu, fungua mdomo nusu tu, polepole, bila kidevu kwenda pembeni, kisha funga. Mara 6, na urudie mara 6 kwa siku. Likiuma sana, punguza ufunguzi. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20 shavuni, asubuhi na kabla ya kulala. Miezi ya Juni hadi Agosti baridi ya huku inatufanya tukaze shingo na meno bila kujua, hivyo funga skafu, hata ndani ya nyumba.

Kuhusu chakula, sisi tuna bahati. Mtori ni chakula ambacho daktari wa taya angekibuni kama kisingekuwepo: ndizi zimepondwa, nyama imeiva hadi inaachia nyuzi, hakuna kutafuna kwingi. Kuna kiburu kilicholainika, loshoro, uji, samaki, mayai, parachichi. Weka pembeni kwa wiki hizo makande, mahindi ya kuchoma, miwa, bisi, karanga, chingamu, na nyama choma ngumu inayovutwa kwa meno. Usiume tofaa zima, likate vipande. Ukipiga miayo, tegemeza kidevu kwa ngumi. Mirungi, sigara, pombe na kahawa nyingi za jioni huongeza kusaga meno usiku, punguza.

Dawa kama ibuprofeni husaidia kwa siku chache, baada ya chakula, kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito. Kununua diklofenaki duka la dawa wiki baada ya wiki ni kuhamisha ugonjwa kutoka tayani kwenda tumboni na kwenye figo. Na kama unatumia dawa za sonona kama fluoksetini au setralini, mwambie daktari, kwani baadhi ya watu huanza kusaga meno kwa sababu yake. Usiache dawa hizo mwenyewe.

Plastiki ya kuvaa menoni usiku, inayotengenezwa kwa vipimo vya kinywa chako, hulinda meno yasilike. Usiitegemee kuondoa maumivu. Na usikubali mtu akusage meno mazima ili "kurekebisha mng'ato". Meno yakishasagwa hayarudi.

Hatua ya 4: Mtu wa kumwona

Wiki 6 zikipita bila nafuu, au mdomo ukiendelea kukwama, anza na daktari wa kinywa na meno. Kwa utaratibu wa rufaa, huku kwetu unaweza kuanzia kituo cha afya, ukapelekwa hospitali ya mkoa, Mawenzi kama uko Moshi au Mount Meru kama uko Arusha, na kutoka hapo KCMC ya Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda. Unayemtafuta ni daktari bingwa wa kinywa na taya, akisaidiana na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua taya na shingo. Piga simu kabla ya kusafiri, uliza bingwa huyo ana kliniki siku gani. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na kuifikia kliniki ambayo leo si siku yake kunaumiza. Kama una bima, uliza mapema inalipia nini, kwa maandishi ikiwezekana.

Hatua ya 5: Elewa sindano unayoambiwa

"Sindano ya taya" si sindano moja. Muulize daktari jina lake.

Ya kwanza ni ya botulinumu, ile ambayo wengi wanaiita kwa jina la kibiashara, Botox. Ni sumu inayotengenezwa na bakteria Clostridium botulinum, imesafishwa na kupunguzwa hadi kiasi kidogo mno. Nitaieleza kama ninavyoieleza darasani. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ukaze, unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Botulinumu inazuia kumwagwa kwake. Ubongo unaendelea kutoa amri, ila amri haifiki kwa nguvu. Ndiyo maana sindano haikomeshi tabia ya kusaga meno. Inapunguza nguvu ya kusaga. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyeanza kuitumia kutibu makengeza, na Marekani ikaiidhinisha kwa matatizo ya macho mwaka 1989, kisha kwa kipandauso sugu mwaka 2010. Kwa taya na kusaga meno mamlaka ya dawa ya Marekani haijaiidhinisha; madaktari huitumia kwa uamuzi wao wa kitaalamu, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo. Inafaa zaidi pale msuli ndio unaouma, umekua mnene, na hatua za nyumbani zimeshindwa. Kisahani kilichohama haikirudishi.

Ya pili ni sindano ya ganzi kwenye fundo la msuli, kusudi msuli ulegee na uweze kunyooshwa. Ya tatu ni kuosha kiungo: chini ya ganzi, sindano mbili huingizwa kwenye kiungo, maji safi ya hospitali yakapitishwa kutoka moja hadi nyingine ili kuondoa uchafu wa uvimbe na kuachia kiungo kilichokwama. Wakati mwingine humaliziwa kwa kuweka ute wa asidi ya hayaluroniki au steroidi. Steroidi isirudiwerudiwe kwenye kiungo kimoja, inaweza kuharibu gegedu; na mwenye kisukari ajue sukari yake itapanda kwa siku kadhaa.

Hatua ya 6: Kabla ya kukubali botulinumu

Usichomwe ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Usichomwe kama una ugonjwa wa misuli na neva kama maistenia, una uvimbe wenye usaha mahali pa kuchomwa, au uliwahi kupata mzio wa dawa hiyo. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuyeyusha damu kama wafarini, na pia antibayotiki kama jentamaisini, ambazo zinaweza kuongeza kulegea kwa misuli.

Kisha uliza, bila aibu: Wewe ni daktari uliyesajiliwa? Dawa inaitwaje, imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania? Utanipa yuniti ngapi kila upande? Kwa Botox, msuli wa shavu hupewa mara nyingi yuniti 20 hadi 30 kila upande, lakini yuniti za chapa moja hazilingani na za nyingine, kwa hiyo namba bila jina la dawa haina maana. Uliza bei yote, pamoja na miadi ya kurudi.

Omba kuona kichupa. Dawa hii hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kwetu umeme unakatika. Kuna sehemu nilikwenda kuulizia, mwenyeji akafungua friji ya vinywaji, akatoa kichupa kilichokwisha kufunguliwa, lebo imeloa haisomeki, kimekaa kati ya soda. Akaniambia kimebaki "cha mtu mmoja". Niliondoka. Kichupa kiwe na lebo, tarehe ya mwisho, na kichanganywe mbele yako siku hiyohiyo. Na kama anayechoma ni mtu wa saluni, hata kama ana mikono laini, usikae kwenye kiti chake.

Siku ya sindano

Ni fupi kuliko nilivyoogopa. Daktari aliniambia nikaze meno, akafuata kingo za msuli kwa kidole, akaweka nukta nne kwa kalamu kila shavu, zote chini ya mstari unaotoka ncha ya chini ya sikio hadi kona ya mdomo. Juu ya mstari huo au mbele sana kuna misuli ya kutabasamu. Dawa ikiifikia, tabasamu linakwenda upande. Sindano yenyewe ni nyembamba, inauma kama kung'atwa na siafu, na kazi yote haikufika robo saa.

Saa chache zinazofuata usikande mashavu, usilale kifudifudi, usifanye mazoezi mazito. Alama ndogo ya damu ni kawaida.

Usitegemee kuamka umepona. Nafuu huanza baada ya siku kadhaa, hufika kilele wiki ya 2 hadi ya 4, na hudumu miezi 3 au 4. Mimi siku ya 6 nilijaribu makande nikachoka kijiko cha tatu. Udhaifu huo wa kutafuna unatarajiwa. Kisichotarajiwa, na kinachohitaji hospitali mara moja, ni kushindwa kumeza, sauti kubadilika, kope kulegea, udhaifu wa mwili au pumzi kuwa nzito. Ni nadra, lakini inaweza kutokea kuanzia saa chache hadi wiki kadhaa baada ya sindano, kwa hiyo mtu wa nyumbani kwako naye ajue.

Wiki 12 zinazofuata

Huu ndio muda uliolipia. Msuli umelegea, mazoezi hayaumi sana, tabia inavunjika kwa urahisi. Anayelala kwenye nafuu na kuacha zoezi anarudi kwenye kiti kileile mwezi wa nne. Na sindano za mara kwa mara zina gharama nyingine: msuli unasinyaa, na wataalamu wana wasiwasi kwamba mfupa wa taya usiopata kazi unaweza kupungua. Sindano ya pili isitolewe kabla ya wiki 12.

Weka daftari. Kila Jumapili andika vitu vitatu: maumivu kwa alama kati ya 0 na 10, vidole vingapi vinaingia, na asubuhi ngapi umeamka kichwa kinauma. Nenda nalo kwenye miadi. Langu wiki ya 12 lilisomeka 2, vitatu, na asubuhi moja. Daktari alilitazama, akanirudishia, tukakubaliana sindano ya pili isubiri. Nukta ya kwenye kona ya ubao bado ipo. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanaijua, na wakiniona nimenyamaza muda mrefu wananionyesha kwa kidole.